Vyungu Vinavyoongea Stendi ya Kyela

Wadau, mliowahi kupita stendi ya Kyela mnajua: kabla hujaiona Costa ya Mbeya, umeshaisikia. "Tukuyu, Uyole, Mbeyaaa!" Pembeni kuna kipaza sauti kinatangaza sumu ya panya na kunguni bila kuchoka. Betri ikiisha ndiyo pona yenu.

Sasa kuna kijana mmoja wa hapo hapo, alikuwa Dar kwenye kazi za studio, karudi nyumbani na wazo ambalo wengi waliliona la mtu asiye na shughuli: sanaa ya sauti kwa ajili ya abiria wanaosubiri gari. Si muziki. Sauti tu, zimepangwa, unakaa unasikiliza. Wenzetu wanazo. New York, mwaka 1977, Max Neuhaus alificha mtambo chini ya vyuma vya kupitishia hewa ya treni za chini ya ardhi pale Times Square, ukawa unatoa mvumo kama mwangwi wa kengele. Hata kibao hakuweka. Mpita njia agundue mwenyewe. Na Emeka Ogboh wa Nigeria kajenga jina kwa kurekodi Lagos, makelele ya danfo, yaani daladala zao za njano.

Kijana naye akaanza na mpiga debe. Mzee, koo limekauka, stendi nzima inamwita Babu. Akamrekodi asubuhi, mchana akaicheza kwenye spika. Watu wakacheka, wakashangilia. Ndipo konda mmoja akasema, "Dogo, nirushie hiyo kwenye simu. Nikiwa nayo, namlipa nani tena?"

Kicheko kikakatika. Babu analipwa kwa gari: likijaa anapewa chake, basi. Akamtazama kijana, akasema taratibu, "Mwanangu, jembe langu umelibeba wewe sasa."

Ile rekodi ilikuwa kali kuliko zote alizonazo. Aliifuta palepale, Babu akiangalia kioo cha simu. (Angeweza kuficha nakala, vijana wa studio wanajulikana. Hakuficha.)

Jumamosi akaenda Matema, soko la Lyulilo, ambako akina mama wa Kikisi hushusha vyungu vilivyokuja kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Mnunuzi hugonga chungu kwa kidole: kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Akarekodi hilo, na kafi kwenye maji, na mawimbi, na mvua ya masika juu ya bati, na mvua ya Kyela si ya mchezo. Akanunua vyungu vitatu, kila kimoja akakitia spika ndogo. Hela ya spika kubwa hana, lakini chungu kina tumbo. Sauti nyembamba inaingia, inatoka nzito.

Akaviweka chini ya benchi la abiria, bila kibao. Mama mmoja mwenye gunia la mchele aliinama kutafuta bomba linalovuja. Mtoto akakigonga kimoja, chungu kikamjibu.

Babu alikuja wa mwisho. Akachuchumaa, akatega sikio mdomoni mwa chungu, kimya kirefu.

"Hapa mtumbwi umejaa," akasema. "Sikia kafi linavyozama."

Costa ikaingia. Babu akainuka, akaita Tukuyu, Uyole, Mbeya, na vyungu havikusikika tena. Kijana hakuongeza sauti.