Kupiga mbizi Ziwa Nyasa: hesabu ya mlima huja kabla ya maji

Mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Unguja akitajiwa kupiga mbizi, mawazo yake huenda baharini, kwenye matumbawe na maji ya chumvi aliyoyazoea tangu utotoni. Wachache hukumbuka kwamba nchi yetu ina maji mengine yenye mandhari ya kustaajabisha, nayo ni ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mahali ambapo Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi ziwani. Ziwa hili lina kina cha takribani mita 700, na linasifika kwa kuwa na aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Katika miamba ya ufukweni huishi samaki wadogo wa rangi ya buluu, manjano na zambarau, ambao wenzetu wa Malawi huwaita mbuna. Anayewaona kwa miwani ya maji hahitaji kuambiwa kwa nini watu husafiri kutoka mbali kuwatazama.

Kwa familia inayotoka pwani, safari yenyewe ni sehemu ya starehe. Barabara kuu hupita Mikumi, hupanda mlima wa Kitonga na kufika Iringa, mji ulio juu ya kilima kiasi cha kilomita 500 kutoka Dar es Salaam. Ni vyema kulala hapo. Watoto watajionea baridi ambayo hawajapata kuijua, na wazazi watapumzika kabla ya kilomita nyingine zaidi ya 300 kupitia Mafinga na Makambako hadi Mbeya. Kutoka Uyole, njia hukata kusini, hupanda safu ya Uporoto kwa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka Tukuyu penye mashamba ya chai na migomba, hadi Kyela na Matema. Matema iko karibu mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Ndani ya saa chache msafiri ametoka kwenye makoti na kuingia kwenye joto na minazi.

Mteremko huo unaopendeza wakati wa kwenda ndio wenye hatari wakati wa kurudi, kwa yule aliyepiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Mpiga mbizi akiwa chini, uzito wa maji huisukuma hewa anayoivuta, na naitrojeni iliyomo huyeyuka katika damu na misuli. Akipanda taratibu, hutoka kidogo kidogo kwa njia ya pumzi. Akipanda kwa haraka, hufanya kama soda inavyofanya chupa inapofunguliwa ghafla: hutoa mapovu. Mapovu hayo yakiwa mwilini huleta maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, hata kupooza.

Wengi hudhani hatari hiyo humalizika mtu anapotoka majini. Haimaliziki. Naitrojeni hubaki mwilini kwa saa nyingi, na kupanda mlima hupunguza mgandamizo wa hewa, sawasawa na kupanda ndege. Katika kimo cha mita 2,000, mgandamizo ni karibu asilimia 80 tu ya ule wa pwani. Kwa hiyo anayetoka ziwani saa tisa alasiri na saa kumi na mbili jioni yuko juu ya Uporoto, amejiweka katika hatari ambayo macho hayaioni. Kanuni inayotumiwa na wapiga mbizi kabla ya kupanda ndege ni kungoja si chini ya saa 12 baada ya mbizi moja, na si chini ya saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Kwa barabara ya Tukuyu, siku nzima ni bora zaidi.

Tena, hospitali kubwa ya rufaa ya ukanda huu iko Mbeya, mji ulio takribani mita 1,700 juu. Aliyepatwa na mapovu Matema hupelekwa kwenye tiba kwa njia ile ile inayomwongezea madhara. Ndiyo maana kinga hapa ina uzito kuliko pwani, na kila mpiga mbizi aulize, kabla ya kuondoka nyumbani, chemba ya tiba ya mgandamizo iliyo karibu iko wapi na mgonjwa hufikishwaje.

Basi safari na ipangwe hivi. Siku mbili za kwenda hadi Mbeya au Tukuyu, siku ya tatu kushuka Matema, siku ya nne na ya tano kupiga mbizi, na siku ya sita kukaa ufukweni bila mbizi. Hiyo ya sita ndiyo watu huikata kwa kubana likizo au gharama ya chumba, nayo ndiyo inayolinda uhai. Wala si siku ya kupoteza: ng'ambo ya Matema ni Ikombe, kijiji cha Wakisi, ambako wanawake hufinyanga vyungu vinavyosifika hadi Mbeya. Siku ya saba familia hupanda kwa amani.

Yapo mengine ya kuzingatia. Ziwa likiwa juu ya mita 300, majedwali ya mbizi ya baharini hayatoshi. Yatumike ya miinuko. Maji yasiyo na chumvi humbeba mtu kidogo kuliko bahari, hivyo mkanda wa risasi upunguzwe. Wakati wa kipupwe maji hushuka hadi kama nyuzi 23, na mwili hupoteza joto majini upesi kuliko hewani, kwa hiyo vazi la mpira la mwili mzima linafaa. Kwa mama na mabinti zetu vazi hilo, likivaliwa kanzu nyepesi ya kuogelea juu yake, hutunza joto na sitara kwa pamoja. Upepo wa kusi huchafua ziwa kuanzia Mei hadi Agosti. Septemba hadi Novemba ni afadhali. Waogeleaji waepuke midomo ya mito kwa sababu ya mamba, na kwenye matete kwa sababu ya kichocho.

Mtu asiende Matema akitegemea kukuta mitungi. Aulize mapema, au avuke Kasumulu kwenda Malawi, ambako Nkhata Bay na Cape Maclear zina vituo vya mbizi. Ziwa Ngosi, lililo katika shimo la volkano juu ya Isongole, litazamwe kutoka ukingoni tu. Kuta zake ni mwinuko mkali, na lenyewe liko karibu mita 2,000 juu.

Asubuhi ya kuondoka, tawadheni kwa maji ya ziwa, mswali Alfajiri ufukweni, kisha muulizane: ni saa ngapi zimepita tangu mbizi ya mwisho? Jibu likiwa chini ya saa 24, mizigo na irudi chumbani.