Baada ya Kutolewa Tanga

Vijana wetu watatu walishuka Mombo, wakafika Tanga kwa shindano lao la kwanza la Tekken, na wote wakatolewa kabla ya Adhuhuri. Baadhi ya wazazi hapa Lushoto walishukuru, wakidhani mchezo umekwisha. Sisi wa kamati ya msikiti tuliwauliza kwanza: mmeshindwa na nini?

Hawakushindwa kwa uzito wa vidole. Katika mchezo huo sekunde hugawanywa sehemu 60, na ngumi nyepesi huhitaji sehemu 10 tu kufika. Wao walirusha mateke makubwa. Mpinzani akakinga, kisha akawaadhibu wakiwa wazi. Nyumbani hila hizo ziliwafaa kwa kuwa wamezoeana mno.

Tukawasimulia habari za Arslan Siddique wa Lahore, maarufu Arslan Ash, aliyetwaa ubingwa wa EVO nchini Japani na kisha Las Vegas mwaka 2019, naye akasema kwao Pakistan wapo wakali wengine. Ukali wake ulinolewa na majirani.

Basi tumekubaliana: kila mmoja ashike mpiganaji mmoja, ajifunze kukinga kabla ya kushambulia, na kila wiki waalike wapinzani wa Soni na Mombo. Dau hakuna, kwani hiyo ni kamari. Adhana ikilia, mashine huzimwa, hata raundi ikiwa katikati (hapo ubishi ulikuwa mrefu).

Mwezi ujao wanashuka tena. Mzazi mmoja bado hajaridhia mwanawe aende; tutamwendea leo baada ya Isha.