Siku Tuliyopanda Kilima cha Mwanza

Ndugu msomaji, sisi wakazi wa Bariadi huenda Mwanza kwa shida. Tunampeleka mgonjwa Bugando, tunanunua vipuri, au tunamsindikiza mtoto anayekwenda shule. Shida ikiisha, tunapanda basi na kurudi nyumbani. Ni wachache kati yetu waliowahi kwenda Mwanza ili kuitazama tu.

Leo nataka nikueleze habari za siku moja ambayo mimi na wenzangu watatu tulikwenda Mwanza kupanda kilima. Labda utauliza: kupanda kilima kuna faida gani kwa mtu mzima mwenye shamba na watoto? Soma mpaka mwisho, kisha ujijibu mwenyewe.

Mimi ni Afisa Elimu ya Watu Wazima. Kazi yangu ni kuzungukia madarasa ya kisomo vijijini. Katika safari hii nilikuwa na Bwana Shamba wa kata, na mama mmoja ambaye ni mwalimu wa kisomo. Wa nne alikuwa mzee mmoja aliyepita miaka sitini, mwanakisomo wa darasa la mama huyo. Mzee huyu analima pamba na mahindi kando ya Mto Simiyu. Alipoanza darasa hakuweza kuandika jina lake. Sasa anasoma polepole, akiweka kidole chini ya kila neno.

Mzee na Bwana Shamba ni marafiki wa siku nyingi, lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hawakupatana. Kwa misimu mitatu Bwana Shamba alimshauri asilime mpaka ukingoni mwa mto. Mzee alimjibu kila mara, "Bwana Shamba, udongo wa mtoni ndio wenye rutuba. Nikiuachia majani, wajukuu wangu watakula majani?" Bwana Shamba alikosa la kusema, kwa maana swali la njaa si swali la mchezo.

Tulisafiri Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili. Palizi ilikuwa imekwisha na mvua zilikuwa nyingi. Tulipanda basi alfajiri. Njia nzima mzee alisoma mabango. Alisoma "La-ma-di", akafurahi. Alisoma "Punguza mwendo", akamgeukia dereva na kumwambia, "Kijana, umesoma pale?" Abiria wote wakacheka, na dereva akapunguza mwendo.

Karibu na Magu tulivuka daraja la Mto Simiyu. Mto ulikuwa umejaa. Maji yake yalikuwa mazito, yana rangi ya uji wa ulezi. Mama Mwalimu akauliza, "Mzee, maji haya yanatoka wapi?" Mzee akajibu, "Yanatoka kwetu." Hakusema zaidi, lakini aliendelea kutazama dirishani mpaka daraja lilipopotea nyuma yetu.

Tulifika Mwanza asubuhi. Tulikwenda mjini, tukatembea kando ya ziwa. Tuliliona Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini kama mtu anayesubiri kivuko. Jina hilo lilibaki tangu Wajerumani walipotawala nchi hii. Bismarck alikuwa kiongozi wa serikali ya kwao. Mzee akauliza, "Yeye aliwahi kufika hapa?" Nikamjibu kwamba hakuwahi.

Kisha tukaanza kupanda kilima cha Capri Point. Si kilima kirefu, lakini njia yake ni ya mawe. Mzee alivaa katambuga zake za tairi, na kwenye mawe zilishika vizuri kuliko viatu vyangu vya mjini. Tuliwaona pimbi wakiota jua. Tuliwaona pia mijusi wenye vichwa vyekundu na miili ya buluu, wakiinuka na kuinama juu ya mawe kana kwamba wanatusalimu. Kila baada ya muda mzee aliketi. Bwana Shamba alitaka kumshika mkono, mzee akakataa. "Niache," alisema. "Kilima hakikimbii."

Tulipofika juu tulinyamaza wote. Ziwa lilikuwa mbele yetu. Chini yetu tuliona Kisiwa cha Saanane, ambacho tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa. Tuliona meli bandarini. Upande wa pili tuliona hospitali ya Bugando juu ya kilima chake. Na kila mahali tuliona nyumba za watu zimebanana katikati ya mawe makubwa, zikipanda vilima kama mbuzi.

Niliwaeleza wenzangu niliyoyajua. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800. Hakuna ziwa lingine kubwa kuliko hili katika Afrika yote. Tanzania, Uganda na Kenya zinalitumia pamoja. Maji yake hutoka kule Jinja, nchini Uganda, na kwenda mpaka Misri kwa njia ya Mto Nile.

Niliwaeleza pia kwamba mwaka 1858, tarehe 3 Agosti, Mwingereza aitwaye John Speke alifika hapa Mwanza akitokea Tabora. Alikuwa na wapagazi, na pia Mwafrika mmoja aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay, mtu aliyewahi kuuzwa utumwani. Speke aliliona ziwa hili kutoka kilimani. Wenyeji walikuwa wakivua na kunywa maji yake tangu enzi za mababu, nao waliliita Nyanza. Lakini Speke alikuwa na kalamu na daftari. Aliliandika kwa jina la malkia wake, na jina hilo ndilo lililoingia katika ramani. Hata ghuba ile inayopokea maji ya Mto Simiyu inaitwa Ghuba ya Speke. Mama Mwalimu akamwambia mzee, "Unaona kazi ya kalamu?" Mzee akacheka. "Ndiyo maana nimekuja darasani," akasema.

Tukakaa kivulini kula matobolwa na karanga. Hapo mzee alinyosha mkono kwenye mawe makubwa yaliyopandana, moja juu ya lingine. Akauliza, "Nani aliyapanga mawe haya?"

Bwana Shamba ndiye aliyejibu. Alisema kwamba hayo ni mawe ya itale, na hakuna mtu aliyeyapanga. Zamani sana, kwa hesabu ya mamilioni ya miaka, yalikuwa chini ya ardhi, yakiwa mwamba mmoja wenye nyufa. Maji yalipenya katika nyufa hizo, yakaulainisha mwamba kidogo kidogo mpaka sehemu zake nyingi zikawa udongo. Mabonge magumu yalibaki katikati, kama mbegu ndani ya tunda. Baadaye mvua ziliosha udongo ule, zikaupeleka mabondeni na majini. Mabonge yakabaki wazi, yamekaa juu ya mengine. Hayo ndiyo tunayoyaona leo.

Mzee aliacha kutafuna. Aliligusa jiwe alilokuwa ameliegemea. Akasema polepole, "Kumbe kilima hiki ni shamba lililooshwa."

Ndugu msomaji, ningependa ulikumbuke neno hilo. Mimi nilisomea cheti cha elimu ya watu wazima, na mawe ya Mwanza nimeyaona mara nyingi. Sikuwahi kusikia yakielezwa vizuri hivyo kwa maneno machache. Bwana Shamba angeweza kusema, "Nilikuambia." Hakusema. Alimmenyea mzee karanga nyingine, akampa.

Baada ya muda mzee akauliza Mto Simiyu unaingilia ziwani upande gani. Bwana Shamba akamwonyesha upande wa mashariki, nyuma ya vilima. Akaeleza kwamba udongo ule mwekundu tuliouona mtoni hautupwi na mvua ukapotea. Unashuka ziwani. Huko unachafua maji na kufukia mahali ambapo samaki huzaliana. Unabeba pia mbolea na dawa za mashambani. Mbolea hiyo haioti pamba huko, bali hulisha gugumaji, mmea ulioingia katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuwasumbua wavuvi.

Mzee akasema, "Nilipokuwa kijana, mto ukijaa, ningu walipanda kutoka ziwani. Tuliwakamata kwa vikapu. Sasa mvua inakuja, ningu hawaji." Ni kweli, ningu ni samaki wa ziwani ambaye hupanda mitoni kutaga mayai. Amepungua sana. Nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito zilimmaliza kwa wingi, na tope la mitoni humwongezea taabu.

Tulirudi Bariadi usiku. Sitakuambia kwamba mzee alibadilika siku ileile, kwa sababu mtu mzima habadiliki kama kuvua kofia. Nyumbani alijadiliana na mkewe na wanawe. Mke wake aliuliza swali lilelile la zamani: tutakula nini? Ni swali la haki. Mwaka uliofuata mzee aliacha hatua ishirini kutoka ukingoni, akapanda mabingobingo. Bwana Shamba alimkumbusha kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka meta 60 ziachwe bila kulimwa. Mzee akajibu, "Nimeanza. Usinisukume, nitaanguka." Mavuno ya msimu ule yalipungua, na majirani walimcheka. Lakini mabingobingo yalipokua aliyakata akalisha ng'ombe wake wakati wa kiangazi. Majirani wawili walikuja kuomba vipando. Msimu uliofuata aliongeza hatua nyingine kumi.

Hiyo ndiyo habari ya safari yetu. Sasa tuzungumze juu yako na shamba lako.

Kwanza, lima kwa kukatisha mteremko, usilime kwa kufuata mteremko. Mfereji wa plau unaoshuka bondeni ni barabara ya maji, nayo maji hayasafiri mikono mitupu.

Pili, tengeneza makinga maji katika shamba lenye mteremko, na upande majani juu yake ili yasibomoke.

Tatu, acha ukanda wa majani na miti kando ya mto. Ukishindwa kuanza na wote, zungumza na Bwana Shamba wako mpange namna ya kuufikia.

Nne, usioshe bomba la dawa ya pamba mtoni. Maji hayo yanakunywewa na mtu mwingine huko mbele, na huenda mtu huyo ni wewe. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za kusaidia mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika wilaya tano za Simiyu, nayo Bariadi imo. Tope tunalolipeleka ziwani na maji tunayoyangoja kutoka ziwani ni mambo ya chungu kimoja.

Wala si lazima uende Mwanza ili uyaone haya. Nchi yetu ya Usukuma ina vilima vya mawe vingi. Chagueni kilima kilicho karibu na kijiji chenu. Mvua kubwa ikinyesha na kuacha, pandeni pamoja, wanakisomo na mwalimu wenu. Tazameni maji mekundu yanatoka shamba la nani, yanapita wapi, na yanakwenda wapi. Kisha rudini darasani, mchore ramani ya kijiji chenu, na muandike majina ya mashamba kwa mikono yenu wenyewe. Yule ambaye shamba lake linaoshwa asichekwe. Asaidiwe kuanza na hatua ishirini.