Rejista ya zamani imefunguka

Ndugu zetu mliokimbia Kabambare na ninyi mnaowapokea hapa Kasongo, wengi mmeniuliza kwa nini majina ya rejista ya zamani yalichelewa. Ni nafasi iliyokosekana ndani ya ordinateri.

Vitabu vya karatasi vililiwa na mchwa. Majina ya waliozaliwa miaka ya 1990 yalibaki katika ordinateri moja ya MS-DOS 6, ndani ya ofisi moja ya mjini. Kijana ambaye karatasi zake ziliungua vitani anayahitaji ili atafute kadi. Bila kadi anasumbuliwa kwenye kila barieri. Lakini programu ya rejista ilikataa kufunguka, ikisema kumbukumbu haitoshi. Wengine walitaka mashine itupwe.

Mimi na fundi mmoja tuliwasha jenereta, tukaandika MEM /C. Hapo tukaona kisa. Mashine hizo zinafuata mpango wa IBM wa mwaka 1981: hata zikiwa na megabaiti nyingi, programu za kawaida za DOS hukaa katika kilobaiti 640 za kwanza. Kilobaiti 384 zinazofuata ziliwekewa kioo na vyombo vingine. Ndani ya zile 640, DOS yenyewe, kipanya na kisomaji cha CD vilikuwa vimejaza nafasi.

Kwanza tulinakili CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT kwenye diskete. Kisha katika CONFIG.SYS tukaweka, kwa mfuatano huu:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS
DOS=HIGH,UMB

Wa kwanza unafungua kumbukumbu iliyo juu ya megabaiti moja. Wa pili, unaohitaji mashine ya 386 au zaidi, unatumia sehemu tupu za zile 384. Wa tatu unahamishia huko juu sehemu kubwa ya DOS. Katika AUTOEXEC.BAT tukatanguliza LH mbele ya kipanya. Kisomaji cha CD tukakiondoa kabisa, maana pale hakuna CD.

Ninyi mnaopokea wageni mnaijua kazi hii: magunia yanaenda stoo, watu wanalala sebuleni. Nyumba haikuongezwa tofali.

Tulipowasha tena, rejista ikafunguka. Siku mbili tulichapa majina yote kwenye karatasi. Orodha hiyo si cheti, ni pa kuanzia. Njoo na jina la baba, la mama na la kijiji.

Na mwenye mashine ya namna hii, asiitupe kabla ya kuuliza imebeba nini. Ikikwama inapowaka, abonyeze F5 mara inapoandika kwamba MS-DOS inaanza. Itaruka mistari hiyo, naye atairekebisha.