Meno ya Bibi Harusi Yanakumbuka



Sisi tuliozaliwa Kileo, chini ya milima ya Upare, tukaolewa huku visiwani, tunalijua swali hili: "Mbona meno ya bibi harusi yana rangi?" Hunong'onwa pale biharusi anapotolewa ukumbini. Kisha huja la pili, linalouma zaidi: "Na watoto je, hawatarithi?"

Hawatarithi. Madoa yale si ya ukoo, wala si uchafu. Yanatokana na floridi, madini yanayozidi kwenye visima na chemchemi nyingi za Kilimanjaro, Arusha na Manyara. Huingia kwenye jino likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi, katika miaka ya mwanzo ya utoto. Jino likishaota, gamba lake gumu la nje halijijengi upya. Kwa hiyo meno ya biharusi wa miaka 25 yametunza habari za maji aliyoyanywa akiwa na miaka 3.

Gamba hilohilo hutunza pia alama za mionzi. Meno ya walionusurika bomu la Hiroshima yamepimwa miaka mingi baadaye, ili ijulikane kila mmoja alipata kiasi gani.

Lakini jino peke yake halitoshi. Tuwatazame wanawake wa visiwa wenzetu, wa Marshall katika bahari ya Pasifiki. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni Bikini. Vumbi jeupe likawanyeshea watu wa Rongelap, na watoto wakalichezea. Walihamishwa baada ya siku mbili hivi. Iodini ya mionzi hupungua kwa nusu kila siku 8, basi ushahidi wake hupotea upesi. Wataalamu waliokuja kukadiria dozi walitegemea mkojo uliokusanywa wakati ule, udongo wa visiwa, na habari za maisha ya kila siku: watu walikula nini, walikunywa maji gani. Wadogo ndio waliopata dozi kubwa zaidi kwenye tezi ya shingoni.

Ona basi, hesabu kubwa kama ile ilihitaji habari za jikoni. Na habari za jikoni ziko kwa mama zetu na bibi zetu, nao wanaondoka mmoja mmoja.

Tuwaulize wakingali hai. Tulichotewa maji wapi? Makande yalipikwa kwa magadi? Magadi nayo hubeba floridi, na mtoto hula chungu kimoja na wakubwa.

Majibu hayo yatawafaa watoto wetu tunapowapeleka likizo au kuwaacha kwa bibi. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri karibu hayana kabisa. Upo pia mchujo wa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliofanyiwa kazi kituo cha Ngurdoto, Arusha. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tuombe maji ya kijiji yapimwe.

Nanyi mawifi, tunaamini viungo vyetu vitashuhudia Siku ya Kiyama. Meno haya yameshaanza kushuhudia, na hayamshtaki biharusi kwa lolote. Mwacheni acheke bila kuziba mdomo kwa kanga.

Allah awabariki maharusi wetu na watoto watakaowajaalia. Amin.