Fuateni Mto Mmoja

Kitale, Oktoba

Mpwa wangu mpendwa,

  Mahindi yamekauka shambani, tunangoja mvua itupe nafasi tuvune.

Ratiba yenu nimeipata kwenye simu, nimeisoma kwa makini. Nimefurahi sana kwamba watoto walipoona picha za Grand Canyon alizowatumia shangazi yao kutoka Marekani, wakauliza kama kwetu kuna makorongo na majangwa ya namna hiyo, hukuwajibu kwa mdomo tu. Umeamua kuwapakia garini wakajionee. Baba anayefanya hivyo anastahili kusaidiwa, ndiyo maana nimekaa kukuandikia kwa kirefu. Lakini ratiba yenyewe siikubali ilivyo.

Mmeandika Mlima Elgon, Saiwa, Kapenguria, Bwawa la Turkwel, Nasolot, Eliye, Kisiwa cha Kati, Sibiloi, kisha kurudi kwa Bonde la Kerio hadi Hell's Gate kule Naivasha. Siku 7, mwezi wa Agosti. Mkifuata mpango huo mtalala garini, mtakula garini, na mama yako, dada yangu mwenye presha, atafika Lodwar akiwa mgonjwa. Sibiloi iko ng'ambo ya mashariki ya Ziwa Turkana. Kwa gari ni kuzunguka hadi upande wa Marsabit, safari nyingine kabisa. Hell's Gate nayo waweza kwenda siku yoyote ukishuka Nairobi. Zifute zote mbili.

Mimi nashauri mfuate mto mmoja, basi. Mvua inayonyesha Elgon hugawanyika. Ile ya upande wenu na wetu huingia Nzoia, ikapita chini ya daraja la Webuye, ikaenda kumwagika Ziwa Victoria. Nyingine hukusanyika juu ndani ya kasoko ya mlima, penye chemchemi za maji moto, ikatokea kwenye pengo la mashariki ikiwa Mto Suam. Suam huwa mpaka wetu na Uganda kwa kitambo, kisha hugeuka kaskazini, hushuka katika nchi ya Wapokot, hupenya kwenye korongo la Turkwel na kuchukua jina hilo, halafu huvuka jangwa hadi Ziwa Turkana. Ziwa hilo halina mto utokao. Maji yakifika pale, njia yao ya kuondoka ni jua tu. Mtoto akiliona wingu juu ya Elgon akiwa kwenu Bungoma, kisha akafuata maji yake mpaka kwenye ziwa lililozungukwa na mchanga na mawe meusi, amejifunza jiografia ambayo hakuna mwalimu atakayemfundisha vizuri zaidi. Hata mahali mtakapoacha kwenda, mtajua kwa nini mmeacha.

Sasa kuhusu wakati. Naelewa kwa nini mmechagua Agosti: mwaka huu Agosti ilikuwa ya tohara na sote tulikuwa kwenye sherehe, mwaka ujao ni huru. Lakini Agosti ni mvua nyingi huku kwetu juu, na mvua ya juu ndiyo hatari ya kule chini. Nendeni Desemba hii, baada ya Krismasi. Kuleni sikukuu nyumbani na wazee, mwondoke tarehe 27. Na kama Novemba itakuwa na mvua nzito na Idara ya Hali ya Hewa bado inatoa tahadhari, ahirisheni bila kusikitika.

Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa kuwa ni jambo linaloua watu wenye akili zao timamu. Mkishapita Marich mtakutana na mikondo mikavu, zile laga. Kuna mchanga mweupe, kivuli cha migunga, pahali pazuri pa kupumzika na watoto kucheza. Mbingu iko safi. Lakini mvua imenyesha saa chache zilizopita kwenye milima ya Cherangani au Sekerr, ambako wewe huoni, na maji yanakuja na magogo na mawe. Katika miaka niliyoendesha lori la mahindi kwenda Lodwar na Kakuma nimeona laga ikijaa kutoka ukavu hadi kimo cha bodi ya lori kabla dereva hajamaliza chai yake. Novemba 2019 mvua za namna hiyo zilibomoa milima ya Pokot Magharibi, watu wengi wakafukiwa usiku ndani ya nyumba zao, na madaraja yakachukuliwa. Hell's Gate, mwaka 2012 na tena Septemba 2019, wageni walikuwa ndani ya korongo maji yakawafuata humo, wengine hawakutoka. Hata huko Marekani kulikopigwa zile picha, Agosti 1997 watalii 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon, Arizona, kwa mvua iliyonyesha mbali na pale waliposimama.

Kwa hiyo usiegeshe gari ndani ya laga hata dakika tano. Watoto wasicheze humo. Ukikuta maji yanapita juu ya barabara, zima injini, keti ungoje. Hata yakionekana ya magotini, ngoja. Maji hayo hujaa upesi na hupungua upesi. Baada ya saa kadhaa utapita. Dereva wa matatu nyuma yako atapiga honi na kukuita mwoga. Mwache atangulie.

Siku ya kwanza laleni kwangu. Siku ya pili twende Elgon kwa lango la Chorlim, nitakuja nanyi. Mbuga ile imekuwepo tangu 1968, na fahari yake ni mapango ambamo ndovu huingia gizani kuchokonoa chumvi ukutani kwa pembe zao. Pango la Kitum watoto waliangalie kutoka mdomoni, wasiingie ndani. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja, na 1987 kijana wa Kidenmaki, waliugua Marburg baada ya kuzuru pango hilo, wakafa wote wawili. Ugonjwa huo hubebwa na popo wanaokula matunda. Sisemi kuwaogopesha, nasema msiguse popo wala kinyesi chao, na msikilize mlinzi wa KWS, shirika la wanyamapori. Ada za mbuga hulipwa kwa simu, kwa hiyo zilipe mapema ukiwa mahali penye mtandao mzuri.

Saiwa haimo kwenye mto wetu, lakini iko njiani kwenda Kapenguria na haichukui muda. Ndiyo mbuga ndogo kuliko zote za kitaifa Kenya, kama kilomita 3 za mraba, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame kwenye tope. Gari haliingii. Ni kutembea kwa miguu juu ya vidaraja vya mbao, mapema kabla jua halijapanda, kimya. Dada yangu ataweza. Kule mbele hatakuwa na kutembea kwingi, kwa hiyo mpeni asubuhi hiyo.

Kapenguria simameni kwenye jumba la makumbusho. Waonyeshe watoto vyumba walimofungiwa wapigania uhuru Kenyatta, Kubai, Kaggia, Ngei, Oneko na Karumba wakati wa kesi iliyoanza Desemba 1952 na kumalizika Aprili 1953. Halafu waambie kwamba wafungwa wale walipelekwa kaskazini, nchi hiyo hiyo mnayoiendea, hadi Lokitaung, na kwamba Kenyatta alihamishiwa Lodwar mwaka 1959. Serikali ya wakoloni ilichagua jangwa lile kwa kuwa iliamini hakuna mtu angefika kuwatembelea. Watoto wako watafika kwa lami, wakila ndizi. Hilo pekee linatosha kuwa somo la historia.

Laleni Makutano, msiendelee jioni. Kutoka Kapenguria, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, barabara hushuka kwa kona hadi Marich, kama kilomita 100 kutoka hapa Kitale, na joto hupanda kila kona. Shuka kwa gia ndogo, usikalie breki. Mwondoke asubuhi baada ya kupita kituo cha polisi kuuliza hali ya njia. Februari 2023 serikali ilitangaza kaunti 6 za kaskazini kuwa maeneo ya hatari na kupeleka wanajeshi kusaidia polisi; Pokot Magharibi na Turkana zilikuwamo. Hali ya usalama hubadilika, ndiyo maana nasema uulize siku ile ile, kwa watu wanaopita kila siku: polisi, madereva wa malori, wenye vituo vya mafuta. Kati ya Marich na Lokichar pita mchana, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa, na usisimame maeneo ya Kainuk kupiga picha. Wakikuambia ngoja, ngoja. Na ile njia ya kurudi kwa Bonde la Kerio iache, rudini mlikopitia.

Korongo ambalo watoto wanalitaka ni la Turkwel. Omba ruhusa mapema kwa KVDA, mamlaka ya Bonde la Kerio, msifike langoni mkaanza kubembeleza. Barabara ya kuingia hupita ndani ya Nasolot, kwa hiyo mtakuwa mmeiona hifadhi hiyo bila kuiwekea siku yake; mkiwa na bahati mtaona tandala. Kisha kuta mbili za mwamba zinakaribiana, na katikati yao limejengwa bwawa la urefu wa mita 153, lililokamilika mwaka 1991 na kutoa megawati 106 za umeme. Upande mmoja maji ya Elgon yamelala kama bahari. Upande wa pili ni shimo. Mshike mtoto mdogo mkono muda wote. Waeleze pia kwamba wafugaji walioko chini walitegemea mafuriko ya mto huo kwa malisho na miti ya kingo zake, na bwawa liliyabadili. Watoto wakubwa wanaweza kulielewa hilo.

Gari. Usije na gari la kukaa chini. Azima la binamu yako lililoinuka, na lipeleke kwa fundi wiki mbili kabla, si siku moja kabla: redieta, mipira ya maji, mkanda wa feni, breki. Tairi za akiba mbili, kwa kuwa miiba ya mathenge hutoboa tairi nzima. Mafuta jaza Kitale au Makutano. Maji ya kunywa weka lita nyingi kuliko unavyodhani mtahitaji, na juu yake ongeza jerikeni moja ambayo si yenu. Mtawaona watoto wa wafugaji kando ya barabara wakiinua chupa tupu. Hawaombi pesa, wanaomba maji. Punguza mwendo, simama pahali salama, wajazie. Usiwarushie chupa dirishani, na usiwapige picha ukiwapa. Watoto wako wakiona jinsi unavyofanya, hutahitaji kuwahubiria.

Picha zozote za watu, omba kwanza. Ukikataliwa, sema asante uende zako. Jifunzeni kusema "ejoka" kabla hamjafika Kainuk. Mzee wa Kiturkana akisalimiwa na mtoto kwa lugha yake, mlango umefunguka. Vikapu vya mkoma mnunue Lodwar kwa mama anayevisuka, na msivutane naye bei hadi machozi.

Lodwar ni joto kali, nyuzi 35 mchana ni kawaida. Dada yangu aketi mbele, dawa zake ziwe kwenye mkoba wake mwenyewe wala zisiachwe kwenye dashibodi au kwenye dirisha lenye jua. Anywe maji kabla ya kiu. Usiku wote mlale ndani ya vyandarua, na jioni watoto wasikalie vichuguu: usubi wa humo huambukiza kala-azar, na ugonjwa huo upo Pokot na Turkana. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, tochi kwa kila anayetoka nje.

Kutoka Lodwar hadi Eliye ni safari ya asubuhi moja. Pumzikeni hapo siku mbili bila mpango wowote. Kuna chemchemi tamu chini ya mikoma, na mbele yake ziwa. Humo mna mamba, kwa hiyo wenyeji ndio waseme pa kuoga. Mkitaka kuona zile nguzo za mawe za Namoratunga, ziko njia ya Kalokol. Waturkana husimulia kuwa ni wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe, na mgeni huweka kijiwe juu yake. Kisiwa cha Kati, chenye maziwa matatu ya kasoko na mamba wanaotagia humo, kiweke mwisho na ukubali kukikosa. Upepo wa Turkana huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi, mawimbi yake yamezamisha wavuvi wazoefu. Mwenye mashua akisema leo hapana, hakuna kumwongezea pesa abadili neno. Akisema twende, kila mtu avae jaketi okozi kabla ya kukanyaga mashua, na mama yako na yule mdogo wabaki ufuoni.

Nijibu kabla ya katikati ya Novemba, uniambie mtakuwa watu wangapi na gari gani umepata. Nina rafiki wa siku nyingi Kalokol aliyekuwa akipakua mahindi yangu. Nitamwomba awatafutie mashua yenye injini mbili, lakini atataka hesabu kamili ya watu. Mwambie mama yako abebe sweta nzito kwa ajili ya Elgon, na aniletee mbegu za mrenda akija.

Mimi mjomba wako.