Mkanda wa Nyonga

Nilipohitimu Chuo cha Ualimu Patandi nilipangiwa kitengo cha elimu maalumu katika shule moja ya msingi. Watoto wenye mtindio wa ubongo na wenye usonji walikaa chumba kimoja, na wote walifungwa khanga vitini. Walimu wachache, geti bovu, barabara kuu iko hapo hapo: sababu zilieleweka. Sikuzikubali, na hadi leo sizikubali.

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo aliyetutembelea alinifundisha kuanzia nyongani. Mtoto mwenye misuli inayokakamaa ukimfunga kifuani hujisukuma nyuma, huteleza, na khanga hupanda shingoni. Mkanda unapita chini ya tumbo, pale mapaja yanapoanzia, ukivutwa nyuma na chini kama nyuzi 45. Makalio yagote mgongo wa kiti, magoti yakunjwe nyuzi 90, nyayo zikanyage kibao. Nyonga ikitulia, shingo hupata nguvu na mikono hufunguka. Fundi seremala alituchongea viti viwili. Vingine tulivijenga wenyewe kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa gundi ya unga, ufundi uliokwisha kuzoeleka Zimbabwe na Kenya. Vikikauka vinabeba mtoto bila wasiwasi. Binti mmoja aliyekuwa akipaliwa kila anaponyweshwa uji, kichwa kikiwa kimelala nyuma, alianza kushika kijiko mwenyewe. Mama yake alilia, nami nikalia naye.

Lakini kijana mmoja mwenye usonji naye alifungwa. Kwa kazi gani? Miguu yake mizima, mgongo wake mzima. Khanga yake ilitusaidia sisi, si yeye. Niliposema afunguliwe, mkuu wa shule aliniuliza, "Mwalimu, akigongwa na gari utamwambia nini baba yake?" Swali la haki kabisa. Nilimjibu kwamba Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa unaokataza ulemavu kuwa sababu ya kumnyima mtu uhuru, kisha nikamwomba twende kwenye kamati ya shule kuomba geti.

Wazazi walichanga, geti likachomelewa, komeo likawekwa juu. Tuligundua pia kwamba kijana hukimbia kengele ikipigwa, basi tukawa tunamtoa nje mapema kidogo. Alizunguka mwembe mpaka akatosheka, akarudi darasani kwa miguu yake.